Mmarekani wa Upande wa Baba

Bawshar, 9 Mei

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu binti yangu Maram hakisomi. Kukisema anakisema, tena cha Unguja kitupu, maana nimemlea nacho, lakini skuli hapa ni Kiarabu na Kiingereza. Basi humu nnaweza kusema nnalotaka bila ya kuchunguliwa.

Leo kaja Zuwaina, mama yake Fahd. Watu wa Qurayyat hao, wana mitende yao na jina linalofungua milango. Fahd anamtaka Maram, wamejuana kazini, na Maram keshapindukia thalathini. Mie mjane, siku hii nimeiomba kila sala. Zuwaina kakaa, kala, kasifu halwa. Kisha kazitazama nywele za Maram, akaniuliza kwa Kiarabu laini kabisa: Bi Wadha, nyinyi watu wa Zanzibar, asili yenu khasa wapi?

Nikamwambia asili yetu hapa hapa, kabila letu analijua, na Maram analo jina hilo pande zote mbili, kwani marehemu baba yake alikuwa mtoto wa ami yangu. Akasema naam, naam, huku anaweka sawa mtandio wake. Naam ile naijua. Nimeisikia tangu turudi Oman mwaka sabini na tatu, mimi mtoto wa skuli sijui kusema Kiarabu. Ni naam ya mtu asiyekubali.

Jina lenyewe la kabila nilitaka kuliandika hapa, mkono ukakataa. Sijui kwa nini.

11 Mei

Joto. Kiyoyozi cha majlisi kinakohoa.

14 Mei

Jawabu ya mate imekuja. Nieleze. Ramadhani iliyopita shoga yangu Fajr, anayekaa London, alikuja na kile kichupa wanachotemea mate watu wanaotaka kujua wametoka wapi. Nikatema, akaondoka nacho. Sababu ni kuwa kwetu tumekua na hadithi: babu wa babu yangu, upande wa baba, alikuwa Mmarekani, tajiri mwenye jahazi zake, aliyekuja Unguja kuuza majora ya kitambaa cha merikani, akasilimu, akaoa. Hadithi hiyo kwetu ilikuwa kipuli cha dhahabu. Shangazi yangu Sayyida, anayekaa nami na umri wake wa kupindukia tisini, akighadhibika hutwambia tuna vichwa vya Kimarekani.

Basi kweli. Yuko mama mmoja wa mji wa Salem, Marekani, anaitwa Harriet, damu yake na yangu zimekutana. Yeye anafuata ukoo wake hata kwa wale wa mwanzo waliovuka kwenda Marekani, na keshaniandikia. Nimefurahi hata nikacheka peke yangu. Zuwaina anataka asili? Ntampa asili ya kumtosha.

26 Mei

Fahd kaleta kikapu cha naghal, tende za mwanzo za msimu kutoka shambani kwao. Ni alama njema. Nimekirudisha kikapu na vitumbua na visheti juu yake, maana chombo cha watu hakirudi kitupu.

Nyamizi, mtumishi wetu, kaniomba ruhusa aende kwao Tabora, mama yake mgonjwa. Nimemkatalia. Nani atamwogesha shangazi? Mkataba ni mkataba.

2 Juni

Nimezungumza na Harriet kwa simu ya video. Mzee mwenzangu, miwani kainingʼiniza kwa kamba, kila neno analia. Mmarekani wetu aliitwa Ephraim. Hakuwa na jahazi wala nini, alikuwa karani katika nyumba ya biashara. Alikaa Unguja kama miaka mitatu, akarudi kwao Salem alikokuwa na mke na watoto tangu zamani, akawa mtu mkubwa kanisani, akafia kitandani. Kusilimu, Harriet hajui. Kuoa Unguja, hajui. Kanionesha picha yake iliyochorwa, na wallahi ile pua ni ya kaka yangu Musallam.

Haya ya mke wa Salem sitamwambia mtu. Wanaume wa zamani wote walikuwa hivyo.

8 Juni

Musallam kaja kutoka Ghubra. Yeye ndiye mkubwa wetu, kastaafu wizarani, na ndiye walii wa Maram, wa kumuozesha. Nilipomuonesha picha ya Ephraim hakuitazama hata kidogo. Akanambia nimwachie Mmarekani alale alikolala, mpaka harusi ipite, na ikipita nimwachie vile vile. Nikamuuliza kwa nini, akasema chai imepoa.

Kaka yangu muoga. Miaka yote ya ofisi imemfundisha kuinamisha kichwa.

17 Juni

Idi. Musallam kavaa dishidasha mpya na khanjari ya baba, kenda sabla, ukumbi wa kabila, kupeana mikono na wenzake. Karudi uso umenawiri. Fahd na baba yake wamempigia kumpa mkono wa Idi, wakataja mwezi wa Oktoba kwa ajili ya ndoa. Alhamdulillahi.

20 Juni

Joto halisemeki. Ukigusa bomba la maji baridi unaungua.

28 Juni

Leo ntaandika yote, nikiacha nusu sitalala.

Nilimwalika Zuwaina na binti yake mkubwa, Shamsa. Nilifukiza udi, nikapika biriani, nikatoa vikombe vya kahawa vya marehemu mama. Kiyoyozi kilikufa kabisa tangu adhuhuri, nikaweka mafeni mawili. Nilikuwa nimepatana na Harriet tuonane saa kumi na mbili jioni, kwao asubuhi, na nikamlazimisha Maram aiunganishe simu na televisheni. Mtoto wa watu hakutaka. Kanambia hii ni posa si maonesho. Nikamwambia nyamaza, mimi nnajua nnalofanya.

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Harriet kajaa kwenye kioo na mvi zake, anacheka na kulia pamoja. Maram akawa anamfasiria Zuwaina kwa Kiarabu: bandari ya Salem, vitambaa, picha ya Ephraim. Zuwaina akasema mashaallah, macho ya rangi. Nikajiona nimeshinda. Nilimtazama kama nnayemwambia, umeona?

Kisha Harriet akatoa karatasi kubwa aliyochorea mti wa ukoo, pamoja na majina niliyomtumia mimi, akaisogeza karibu na kioo, akaanza kuonesha kwa kidole. Maram akanyamaza ghafla. Nikamwambia fasiri. Hakufasiri. Shamsa, aliyesoma Uingereza, ndiye aliyemfasiria mama yake, polepole, kwa sauti ya kawaida tu. Mama huyu anasema Ephraim alizaa mtoto wa kiume Unguja. Huyo akazaa mtoto wa kiume, huyo akazaa baba yake Wadha na ami yake. Mstari wa wanaume haujakatika. Kwa hiyo kwa desturi yoyote ya dunia, nyinyi ni watu wa ukoo wake. Harriet alisema hivyo kama anayetoa zawadi, mikono kaifungua.

Zuwaina akaweka kikombe chini.

"Baba, wa baba, wa baba?" kaniuliza. "Basi hilo jina mnalobeba, mmelitoa wapi?"

Nnaapa kwa Mola wangu, nilikuwa sijajiuliza. Nna umri wa kuitwa bibi, nimesomesha jiografia mpaka nimestaafu, na sijajiuliza. Kabila hufuata baba, mtoto mdogo wa Oman anajua hilo kabla hajajua kutawadha. Na kwetu kila siku tukisema sie wa kabila fulani, na kila siku tukisema babu wa babu Mmarekani, tena wa upande wa baba, na mambo hayo mawili yalikaa kichwani mwetu kama wake wenza wasiosemezana. Hakuna aliyeyakutanisha. Nimeyakutanisha mimi, kwenye televisheni, mbele ya mkwe.

Nikababaika, nikasema kitu cha kulelewa, cha kusilimu, hata mwenyewe sikujua nnasema nini. Zuwaina kakitwaa kikombe, akakitikisa, alama ya kuwa imetosha. Halwa ilikuwa bado jikoni. Kasimama, kanibusu mashavu yote mawili kwa adabu zote, kamshika Maram kidevu, wakatoka.

Harriet bado yumo kwenye televisheni anauliza kama picha imekwama.

29 Juni

Kimya.

1 Julai

Juzi nilikuwa nimepeleka kwao bakuli la biriani iliyobaki na sahani ya halwa ambayo hawakuila. Leo dereva wao kavileta vyombo. Vimeoshwa, vinangʼara, vitupu.

Maram kavitazama mezani, kisha kaniangalia. 

5 Julai

Dada yake Zuwaina kapiga simu. Wamesali istikhara, kumuomba Mungu awaoneshe la kheri, na haikutoka vizuri. Wanatuombea kheri, Maram ni binti wa thamani, nasibu haikuwepo. Nikasema alhamdulillahi kwa kila hali. Istikhara ndiyo mlango wa nyuma wa watu wenye heshima, kila mtu anajua, na mwenyewe nimewahi kuutumia.

6 Julai

Mdomo wangu umeniponza. Nimemwendea Musallam Ghubra nikitarajia atanifokea. Hakufoka. Kanitilia kahawa, akanihadithia jambo ambalo miaka yote hii hakuwahi kunihadithia.

Tuliporudi Oman baba hakuwa na karatasi yoyote ya maana. Ili apate pasipoti ilibidi shekhe wa kabila aseme, huyu mwenetu. Musallam alikuwa kijana, alikwenda na baba sabla. Wazee walikaa ukutani kutoka mlangoni mpaka mwisho, na kati yao walikuwamo waliokuwa wameishi Unguja na kutujua sie ni kina nani. Shekhe kamtazama baba, kawatazama wale wazee mmoja mmoja. Hakuna aliyefungua kinywa. Kisha kasema, huyu wetu, akaamrisha kahawa. Baba alilia garini njia nzima. Na tangu siku hiyo hakuitaja hadithi ya Mmarekani nje ya nyumba.

"Walitusitiri, Wadha," kaka yangu kanambia. "Walijua, wakatusitiri. Sharti lilikuwa moja tu, na sie tunyamaze."

Nilimwita muoga. Nimeandika humu humu. Sitalifuta, libaki linisute.

9 Julai

Fahd kamwambia Maram hawezi kumvunja mama yake. Kamwambia kwa ujumbe wa simu, hata sauti yake hakumpa.

14 Julai

Nimemuuliza shangazi Sayyida. Alikuwa kitandani, Nyamizi anamkata kucha. Nikamwambia niambie kweli, Mmarekani alimuoa nani?

"Alioa? Nani kakwambia alioa?"

Kisha akasema yote, bila ya machozi, kama mtu anayesimulia khabari za jirani. Ephraim alikuwa amepanga nyumba ya mtu mkubwa wa kabila hili. Nyumba ilikuja na watu wake ndani: mpishi, mchota maji, na msichana mmoja aliyeletwa kutoka bara, Unyamwezi, afagie na atandike. Mwenye nyumba alimwambia mgeni ajione yuko kwake. Meli ilipoondoka msichana alikuwa na mimba. Mtoto alizaliwa uani kwa yule mtu mkubwa akaitwa kwa jina lake, maana kila kilichozaliwa uani kwake kilikuwa chake. Hata ndama, shangazi alisema.

Nikamuuliza msichana aliitwaje. Nyumbani humo wakimwita Faida. Jina la kwao hakuna aliyemuuliza. Haya shangazi aliyasikia kwa bibi yake, na bibi yake alimkataza kuyasema, ndiyo wakaturembea hadithi ya ndoa.

Basi sasa nnajua kwa nini mkono wangu ulikataa kuliandika lile jina. Si la babu yetu. Ni la aliyemmiliki bibi yetu. Na jina la Ephraim nalo si letu, kwani hakutuachia. Nimeona haya, na sijui namuonea haya nani.

Nyamizi hakuinua uso. Kamaliza mkono wa kulia, kashika wa kushoto.

20 Julai

Mama yake Nyamizi kafariki Tabora. Nimemkuta jikoni kakaa chini. Nikamwambia pole. Nilitaka kusema zaidi, lakini pasipoti yake imo kabatini mwangu na ufunguo nnao mimi.

27 Julai

Fundi kaja, kasema kiyoyozi hakitengenezeki.

Maram kapata uhamisho kwenda Salalah. Kauomba mwenyewe, hakunishauri. Nilimkuta anapanga nguo, nikaanza kujitetea: nilitaka kukutukuza, nilitaka yule mwanamke asikudharau. Kanisikiliza mpaka mwisho.

"Mama," kasema, "umenipa babu, umeninyima mume."

Akafunga sanduku. Nilimzaa baada ya miaka mingi ya kungoja, na leo nilikuwa nikimuogopa.

3 Agosti

Khabari zimetembea. Musallam kenda sabla kwenye harusi ya mtoto wa rafiki yake, na kijana mmoja, wala si wa rika lake, kamuuliza mbele za watu, anakula kama Mmarekani au kama sie? Watu wakacheka kidogo. Wazee hawakumkemea. Musallam kaosha mikono karudi nyumbani. Tangu hapo hatoki ila msikitini.

10 Agosti

Shangazi hali chakula. Anakunywa maji kwa kijiko, kwa Nyamizi tu. Kwangu anafunga mdomo.

18 Agosti

Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Shangazi Sayyida katutoka baada ya alfajiri.

Musallam kapiga simu sabla kuomba ukumbi wa azaa, mkao wa kupokea rambirambi, ya wanaume na ya wanawake, kama wanavyofanyiwa maiti wote wa kabila. Kaambiwa ukumbi uko kwenye matengenezo. Kauliza mpaka lini. Haijulikani, wakamwambia. Na Ijumaa tu palikuwa na karamu.

Wanawake wa kabila hawakuja kuosha. Zamani, alipokufa mama, walijazana mpaka nikawaomba wengine wakae nje. Leo niliwapigia wawili, mmoja ana presha, mmoja hakupokea. Maram hakuwahi ndege ya asubuhi kutoka Salalah. Fajr yuko London. Basi tumemuosha mimi na Nyamizi.

Aibu ya maiti aijuaye mwosha, wasema. Nyamizi kamuinua shangazi kama alivyomuinua kila siku, kamwambia bibi, geuka kidogo, kisha akakumbuka, akamgeuza mwenyewe. Mama yake mwenyewe kaoshwa na mikono ya watu wengine, huku yeye yuko hapa ananishikia ndoo. Nilimtazama ile mikono na nikaifikiria ile mingine, ya yule waliyemwita Faida. Nililia, na sikuwa nikimlilia shangazi.

19 Agosti

Azaa tumeweka kwenye banda la magari. Musallam kakodi viti. Wamekuja majirani, wafanyakazi wenzake wa zamani wawili watatu, Mhindi wa duka la pembeni. Viti vingi vimerudi kama vilivyokuja. Musallam kakaa mlangoni kasimamisha mgongo kutwa nzima katika joto lile, na kila gari ikipita nje alinyanyuka nusu.

Maram kafika jioni. Kamkumbatia mjomba wake, kamkumbatia Nyamizi. Mimi kanipa mkono.

21 Agosti

Musallam kanambia kaburi limekamilika, mawe matatu, alama ya mwanamke. Makaburi yetu hayaandikwi majina. Nikiwa mdogo nikidhani ni ubakhili. Leo niliposikia nilishukuru, kwani tungeandika nini?

1 Septemba

Harriet kaniandikia. Hajui lolote lililotufika, na sina moyo wa kumwambia, mtu hana kosa. Anasema katutia sote kwenye mti wake, mimi, Musallam, Maram, hata marehemu mume wangu. Kimebaki kisanduku kimoja pembeni ya Ephraim, cha mwanamke, na anaomba jina lake ili mti ukamilike.

Nimeandika Faida. Nikafuta. Sikumjibu.

4 Septemba

Nimemwita Nyamizi, nikamwambia aende kwao. Hakuna tena wa kumwangalia hapa, na tikiti ntamkatia. Hakufurahi. Kaniambia wa kumkimbilia keshazikwa.

Nilifungua kabati nikatoa pasipoti yake. Miaka yote imekaa humo sijawahi kuifungua. Leo niliifungua. Nyamizi Maganga Mihayo, kazaliwa Tabora. Nikamuuliza Maganga nani. Baba yake. Na Mihayo? Babu yake, mzaa baba, alikuwa akiweka mizinga ya nyuki Sikonge, kaburi lake lipo. Kanijibu huku anashangaa kwa nini mama mwenye nyumba leo anauliza.

Jina lake, la baba yake, la babu yake. Yote matatu ya kwao. Nilimuonea wivu mtumishi wangu, wivu wa kweli, wa kuuma kifuani, na nilikuwa nimelifungia jina lile kabatini muda wote.

Nikampa pasipoti. Akaipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante mama, akenda kuanua nguo.